Mtu Hawi Mzima Peke Yake

Wakati wa Ebola kazi yangu ilikuwa kukaa na watu. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika komini ya Kimemi, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, na baadaye nimerudi kuwa mwalimu. Lakini katikati, ugonjwa ulipoingia mjini na watu wanaojua Kinande na Kiswahili wakawa wanatafutwa kwa haraka, nilichukuliwa kwenye kazi ya saikososho: kwenda kwa familia zilizofikwa, kuzisikiliza, kuzieleza kinachotendeka kituoni, na kushinda nazo. Sikuwa na sindano wala dawa. Nilikuwa na masikio, daftari na viatu vya mvua. Niliyoyaona katika nyumba zile ndiyo yaliyonifundisha uzima ni nini, na ndiyo ninayotaka kuyaandika kabla hayajafifia.

Kwetu mtu akisema anaangalia afya yake, tunaelewa kwamba amepima malaria, tifoidi, tensheni au sukari. Siku hizi yameongezeka na mengine. Alfajiri vijana na watu wazima hukimbia kwa makundi barabarani wakiimba, na redio zinahimiza kunywa maji, kupunguza mafuta na chumvi, kulala mapema. Mashauri hayo ni mema, nami nayafuata. Darasani nilikuwa nikiwaandikisha wanafunzi maana ya afya kama ilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani katika katiba yake ya 1946: kwamba afya ni hali njema kamili ya mwili, ya akili na ya maisha ya mtu kati ya wenzake, wala haitoshi kusema tu kwamba haumwi. Wanafunzi waliikariri wakapata pointi zao. Mimi mwenyewe niliielewa baadaye, Ebola ilipoanza kutunyang'anya afya hiyo sehemu kwa sehemu, tukaona kila sehemu ilikuwa imeshikilia nini.

Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni. Haukukaa huko. Kati ya Beni na Butembo ni kilomita 54 tu, na barabara hiyo haina siku ya kupumzika: malori ya mbao na bidhaa za Kasindi, pikipiki za abiria, wamama wenye vikapu vya samaki na mboga. Ulifika Beni, ukapanda Butembo, ukashika eneo la Katwa kwa nguvu. Tarehe 17 Julai 2019 ulimwengu wote ulitangaziwa hali ya dharura. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao wamekufa. Zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake, na zaidi ya robo walikuwa watoto. Anayekaa kati yetu haulizi kwa nini. Mtoto akichemka mwili, ni mama anayelala naye. Jirani akitapika, ni mwanamke anayekwenda kufua nguo zake. Ebola ilipita katika njia ileile ambayo upendo hupita.

Ndiyo maana makatazo yote yalikuwa ya kweli kitabibu, na yote yaliumiza. Usimpe mtu mkono. Usimkumbatie anayelia. Usimwoshe maiti wako. Usilale na mtoto mwenye homa. Kwenye vizuizi vya barabarani tulishuka kila mtu kwenye pikipiki, tukanawa kwenye ndoo yenye maji ya klorini, tukasimama huku kijana akielekeza kipimajoto kwenye paji la uso. Harufu ile ya klorini ilikaa viganjani hata wakati wa kula. Wazee waliozoea kushika mkono wa mtu na kuushikilia mpaka salamu iishe walibaki na mikono inayoning'inia, hawajui waiweke wapi. Niliona mzee mmoja akiificha nyuma ya mgongo kila alipokutana na mtu, kama mwenye aibu.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa kilio. Asiye wa kwetu anaweza kufikiri kwamba kilio ni mazishi tu. Kwetu mtu akifa, jioni ileile watu wanaanza kufika. Wababa wanawasha moto uani na kukesha. Wamama wanaleta kuni, maharage, ndizi, madumu ya maji. Mmoja anawachukua watoto wa marehemu na kuwalaza kwake. Mwingine anakaa karibu na mjane usiku kucha, hasemi kitu, na asubuhi anamshikia sahani mpaka ale vijiko vichache. Hakuna anayeita hayo matibabu, lakini hebu yatazame vizuri: mtu aliyepigwa na msiba anazuiwa asikae peke yake, watu wanakula naye, analazwa, anasikilizwa, anaondolewa mzigo wa kazi kwa siku kadhaa. Wataalamu waliotufundisha saikososho walituandikia ubaoni mambo hayo hayo kwa Kifaransa, nasi wamama tukatazamana, kwa sababu tulikuwa tumeyafanya tangu usichana.

Ebola ikakataza kilio.

Huko Katwa nilitumwa kwa mama mzee ambaye binti yake alikufa katika kituo cha matibabu, CTE kama tulivyozoea kusema. Binti huyo alikuwa mchuuzi wa samaki, akichukua tilapia wa Kyavinyonge na kuuza sokoni. Alipelekwa akiwa anatembea. Alirudishwa ndani ya mfuko, akazikwa mchana mmoja na watu waliovaa mavazi ya kinga, na majirani walitazama kutoka mbali kwenye mabustani yao. Mama yake alifuatiliwa kwa siku 21, akapimwa joto kila siku, hakuugua. Siku ya mwisho jina lake lilifungwa kwenye orodha. Nilipomkuta wiki chache baadaye alikuwa amekaa mlangoni, ameegemea ukuta. Nyuma yake, jikoni, chungu kilikuwa kimefunikwa kifudifudi na kuku alikuwa ametagia kati ya mafiga. Moto ulikuwa haujawashwa pale muda mrefu. Alilalamika kiuno, kifua, kichwa kuzunguka. Muuguzi alikuwa ameshampima malaria na presha bila kuona kitu.

Akaniambia, "Mtoto wangu, wameandika kwamba niko mzima. Waje waone kama mzima anakaa hivi."

Nilirudi kwake mara nyingi, nikakaa kando yake, nikamsikiliza. Hilo lilisaidia kidogo. Kilichomwinua kilitoka kwa wenzake wa shirika, ile jumuiya ndogo ya parokia yao. Waliniuliza kama sasa wanaweza kufika bila hatari. Nikauliza wenye kujua, nikawarudishia jibu kwamba siku zimekwisha, waende. Walikwenda siku moja ya Jumamosi, na kuni, na bugali, na majani ya sombe, wakaanza kutwanga pale pale uani. Waliwasha moto kama vile kifo kimetokea jana. Waliimba. Walitaja jina la binti yule kwa sauti, jambo ambalo hakuna aliyethubutu kulifanya tangu alipozikwa, na mama mzee akalia kilio kilichokuwa kimechelewa. Halafu akasikiliza mtwangio. Aliyekuwa anatwanga sombe alikuwa msichana, hana mazoea. Mama mzee akasimama, akamnyang'anya mchi, akasema, "Hiyo sombe unaiua, wewe." Alitwanga mpaka ikalainika. Jioni alikula. Juma lililofuata nikakuta moshi jikoni kwake.

Tangu siku hiyo siwezi kukubali kwamba mtu ni mzima kwa sababu vipimo vyake ni safi. Huzuni si ugonjwa. Ni haki ya aliyepoteza. Lakini huzuni iliyokosa watu hugeuka kuwa ugonjwa, na huanza kuongea kwa kiuno, kwa kifua, kwa usingizi uliokimbia.

Wasomaji wengi wamesikia kwamba watu wetu walipigana na watu wa Riposte, ndivyo tulivyowaita wote waliokuja kupambana na Ebola. Ni kweli. Kituo cha Katwa kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2019, na cha Butembo tarehe 27. Tarehe 19 Aprili mwaka huo Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi hapa Butembo, ndani ya hospitali ya chuo kikuu. Damu yake ni deni letu, na hakuna sababu inayoihalalisha. Makundi ya silaha yalikuwepo, uvumi ulikuwepo, siasa nayo ilikuwepo: Desemba 2018 nchi ilipopiga kura, Beni na Butembo ziliahirishiwa hadi Machi kwa sababu ya ugonjwa na usalama, na wengi wakaona ugonjwa umetumiwa kuwanyima sauti.

Lakini ndani ya nyumba, kwa watu ambao hawakushika jiwe wala panga, nilisikia swali lililokuwa tulivu na zito. Mama mmoja wa Beni aliniuliza: "Dada, miaka yote hii tunachinjwa, nani alikuja na magari? Surua inaua watoto wetu, malaria inaua watoto wetu, nani alikuja? Mbona mnaipenda sana Ebola kuliko sisi?" Surua kwa kweli ilikuwa ikiua. Katika janga lile lililoanza 2019 Kongo nzima ilipoteza watu zaidi ya 6,000, karibu wote watoto, idadi inayopita mara mbili ya waliouawa na Ebola. Sikuwa na jibu la kumpa. Nilichoelewa ni kwamba hakuwa anakataa dawa. Alikuwa anakataa kukatwakatwa, atazamwe kirusi kimoja ndani ya mwili wake huku njaa yake, hofu yake na wafu wake vikiachwa nje ya mlango.

Na mambo yalipobadilika, yalibadilika kwa upande huo. Chanjo ilifanya kazi kubwa, zaidi ya watu 300,000 walichanjwa, na dawa mbili zilizojaribiwa katika vituo vyetu zilithibitika kuokoa maisha. Pamoja na hayo, mazishi yakaanza kufanyika pamoja na familia: ichague nguo, itazame uso, mmoja wao avae vazi la kinga na kushika jeneza, mchungaji au padri asali. Vijana wa mitaa yetu wenyewe wakafundishwa kazi. Vikaja vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, mgonjwa yuko ndani na ndugu yake yuko nje kwenye benchi, wanaonana na kusikilizana.

Benchi lile nalikumbuka. Alikaa pale mwanamke kutoka njia ya Musienene ambaye mume wake alikuwa ndani. Nilidhani atalia. Akaanza kumpa habari za nyumbani: mbuzi amezaa wawili, mmoja mweupe, bei ya maharage imepanda, mdogo wako amekuja kudai ile pesa, nimemwambia akungoje. Mume akacheka, akakohoa, akauliza mbuzi mweupe ni jike au dume. Mke alipoondoka, mgonjwa aliomba uji, naye alikuwa amekataa chakula tangu asubuhi. Sisemi kwamba habari za mbuzi huponya Ebola. Nasema mtu hupigania uhai anapokumbushwa kwamba kuna mahali anangojewa.

Watoto nao walitufundisha. Mama akiingizwa CTE, mtoto mchanga aliyekuwa ananyonya hakuwa na wa kumbeba, kwa sababu angeweza naye kuwa na ugonjwa. Katika Beni na Butembo zilianzishwa nyumba za kulelea watoto hao kando ya vituo, na walezi wakawa wale waliopona. Mwili wao ulikuwa umejikinga, kwa hiyo waliweza kumshika mtoto, kumbembeleza na kumlaza kifuani, wakati sisi wengine tulitazama dirishani. Mwanamke aliyepoteza watoto wake mwenyewe anakaa usiku na mtoto wa mtu asiyemjua. Niliwauliza baadhi yao kama haiwachomi. Mmoja akajibu kwamba inachoma, na kwamba bila kazi hiyo angekuwa ameshakufa kwa mawazo.

Waliopona walikuwa 1,171, na tuliwaita washindi. Kushinda kwao hakukuisha siku ya kutoka kituoni. Wengi walibaki na maumivu ya viungo, uchovu, kukosa usingizi, na macho kuingia ukungu. Madaktari wa macho walikuja Beni kuwatazama, kwa sababu kirusi huweza kujificha ndani ya jicho na kuliharibu baada ya damu kuwa safi. Hayo yalikuwa na wataalamu wake. Lisilokuwa na mtaalamu ni kwamba mtu alitoka na cheti cha kupona mkononi, akarudi kwenye avenyu yake, na akapata milango imefungwa. Kijana mmoja niliyemfuatilia alikuwa taximan wa pikipiki. Alioga, akavaa vizuri, akasimama kwenye kituo chake cha siku zote, na abiria wakampita kwenda kwa wenzake. Alishinda hivyo siku baada ya siku. Kisha mjomba wake, mzee mwenye kuheshimika, akapanda nyuma ya pikipiki ile wakati soko limejaa, akamwambia ampitishe polepole katikati ya watu, na walipofika mwisho akamwambia ageuze warudi njia ileile. Kesho yake abiria wa kwanza akaja. Kijana aliniambia, "Mwalimu, cheti nilipata CTE, lakini kupona nilipona siku ile sokoni."

Baada ya kazi hiyo kwisha, mwili wangu nao ulidai haki yake. Nilianza kuamka usiku moyo ukipiga kwa nguvu. Nikisikia king'ora naloa jasho. Nikaenda kituo cha afya cha mtaani, nikapimwa malaria, sukari, presha, vyote vizuri. Muuguzi wa pale, mwanamke wa umri wangu, hakuniandikia vidonge vya kunituliza na kunifukuza. Aliweka kalamu chini, akaniuliza, "Mwalimu, unalala saa ngapi? Na unakula na nani?" Swali la pili lilinishika. Kwa muda mrefu nilikuwa nakula nimesimama, usiku, wakati nyumba imeshalala. Akaniambia nirudi shambani, nirudi kwaya, nile na watu, na nirudi kwake nimweleze.

Nilirudi kwenye shamba la mama yangu mlimani, la maharage na muhogo. Kupanda mlima asubuhi kulinirudishia pumzi, na jembe likanirudishia usingizi, kwa sababu mwili uliochoka kwa kazi ya mikono hulala tofauti na mwili uliochoka kwa hofu. Kwaya ilinifundisha tena kuvuta hewa mpaka tumboni. Na likelemba yetu ya wamama ilinitoa katika wasiwasi ambao hakuna daktari anayeuandika: wasiwasi wa pesa. Kila juma kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na mmoja wetu anachukua zote, kwa zamu. Pembeni kuna kisanduku kidogo cha ugonjwa na msiba. Katika nchi ambayo mgonjwa analipa hospitali kutoka mfukoni, na aliyepona anaweza kuzuiliwa wodini mpaka ndugu walete deni, kisanduku kile ni sehemu ya afya yetu sawa na chandarua. Mwanamke anayejua kwamba mtoto akiugua usiku kuna mahali pa kugonga hulala.

Wababa nawaonea huruma zaidi. Katika mila zetu za Kinande kulikuwa na kyaghanda, nyumba ya mazungumzo ambamo wazee na vijana walikaa jioni kuzunguka moto. Humo migogoro iliamuliwa, vijana wakafundishwa, na aliyelemewa alisema mbele ya wenzake bila kuonekana dhaifu. Kwa wengi mjini nafasi hiyo imechukuliwa na chupa ya pombe ya kasiksi. Katika kazi yangu mwanaume alikuwa mgumu kuketi nami. Alisema yuko sawa, huku mke wake nyuma yake akitikisa kichwa. Lakini nilipoona wazee wa mtaa wameitisha vijana kukaa nao Jumapili alasiri chini ya mti, bila kuita jambo hilo tiba, niliona wanaume walewale wakiongea mpaka giza. Hawakukosa maneno. Walikosa mahali.

Hapa Butembo wapo wamama waliolitambua jambo hili kabla yetu. Hospitali ya FEPSI ilianzishwa na wanawake, na katika jina lake la Kifaransa wameweka ahadi ya kukuza afya kamili. Wanapompokea mwanamke aliyebakwa, wanamtibu mwili, na pia wanakaa naye aseme. Anayeshona kidonda akaacha mtu amenyamaza na siri yake amefanya nusu ya kazi.

Sasa niseme lile ambalo vitabu vingi vya kujitunza hulipita haraka. Si kila afya iko mikononi mwa mtu mwenyewe. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa kwa mapanga na risasi, Eringeti, Oicha, Mbau, na ukatili wa kundi la silaha la ADF umesambaa mpaka Ituri na Lubero. Septemba 2025, huko Ntoyo katika Lubero, wauaji walivamia watu waliokuwa wamekusanyika kwenye kilio usiku, wakaua zaidi ya 60. Kilio chenyewe, mahali pale ambapo sisi huponea. Kusini mwa Lubero vita vya waasi wa M23 vimewasukuma wengine kuja kwetu, na nyumba nyingi za Butembo zina familia mbili au tatu chini ya bati moja.

Mama aliyekimbia kutoka upande wa Oicha alinieleza kwamba kule walilala wamevaa nguo na watoto wamefungwa viatu, tayari kukimbia. Utamwambiaje huyo alale kwa muda wa saa nane? Utamwambiaje ale mboga za rangi zote, na shamba lake la kakao anavuna mwingine? Utamwambiaje afanye mazoezi ya kupumua, na kila mbwa akibweka anahesabu watoto? Katiba ile ya Shirika la Afya Duniani inasema kwamba afya ya mataifa yote ni msingi wa amani na usalama. Ni kweli. Huku kwetu sentensi hiyo lazima isomwe pia kutoka mwisho kurudi mwanzo: amani ni msingi wa afya. Anayefungua barabara ya Mbau hadi Kamango watu wakarudi mashambani amefanya kazi ya hospitali.

Huku tukingoja siku hiyo, tunafanya yaliyo ndani ya uwezo wetu. Mama yule wa Oicha tulimwingiza katika likelemba kabla hajaweza kutoa chochote. Mmoja wetu akamkatia kipande cha bustani nyuma ya nyumba yake, chini kuelekea bondeni. Akapanda lenga-lenga, mboga ambayo haisumbui na huvunwa baada ya wiki chache. Nilimkuta siku ya kwanza ya kuvuna akifunga mafungu kwa nyuzi za mgomba, akiyapanga kwenye beseni, makubwa chini na madogo juu, akayanyunyizia maji. Alikuwa akiongea na mafungu yale kwa Kinande, akiyahesabia bei. Jioni alikuwa na pesa zake mwenyewe mkononi, akatoa mchango wake wa kwanza kwenye likelemba akiwa amesimama, kwa sauti, ili wote wasikie. Vita havijaisha, nyumba yake haijarudi, na bado huamka usiku. Lakini siku ile mtu fulani alirudi ndani yake, na kila mwanamke pale alimwona.

Kwa hiyo ukiniuliza leo uzima ni nini, sitaanza na uzito wa mwili. Nitakuuliza unalala, na ukiamka usiku unamwamsha nani. Nitakuuliza unakula nini, na unakula na nani. Mikono yako ina kazi inayokupa heshima? Wafu wako umewalilia? Pesa ikikwama kuna mlango wa kugonga? Njia ya kwenda shambani kwako iko wazi? Majibu ya maswali hayo yote kwa pamoja ndiyo afya yako. Baadhi yake utayatengeneza mwenyewe kwa bidii: tembea, lala, punguza pombe, pima presha, usikose chanjo ya mtoto. Baadhi yanatengenezwa na wenzako, nawe unatengeneza ya kwao. Na baadhi yanadaiwa kwa serikali na kwa walimwengu, na tuyadai kwa sauti ileile tunayodai dawa hospitalini.

Ewe msomaji, juma hili mtembelee jirani aliyefiwa mwaka jana, yule ambaye watu wamekwisha kumsahau. Usiende na ushauri. Nenda na kuni au fungu la mboga, keti naye, pikeni, mle pamoja. Kisha umuulize kama analala, na umngoje ajibu.